Jina Lililobaki Nusu

Nilikuwa nimetoka kununua makala tu. Mfuko mmoja wa makala, yale makaa ya kupikia bukari, ugali wetu wa jioni, basi. Kama mama muuza makala wa upande wetu asingefunga mapema siku ile, nisingevuka reli, nisingepita mbele ya nyumba ya Papa Élisha, na mpaka leo ningekuwa nalala usingizi kama watu wengine.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya stesheni ya Kamina. Nilikuwa na binti yangu, Ngalula, ana miaka minane na mdomo usiojua kupumzika. Papa Élisha alikuwa ameketi mlangoni pake, redio mbovu magotini, bisibisi mdomoni. Zamani ndiye aliyetunza vipaza sauti vya stesheni. Sasa anatunza kikohozi chake. Alipotuona alitoa bisibisi, akamkazia mtoto macho.

– Weye mutoto ya nani?

Anamjua vizuri sana. Lakini ndivyo mzee anavyomsalimu mtoto kwetu, na mtoto anayeshindwa kujibu anawatia aibu wazazi wake. Ngalula alikunja mikono kifuani.

– Minyi mutoto ya Mama Masengo, papa.

– Na Mama Masengo, yeye mutoto ya nani?

– Mutoto ya Constant Kalunga, papa.

Nilimfundisha mwenyewe. Nilitaka jina la baba yangu litamkwe na mdomo mmoja angalau kila siku, maana kila mahali pengine lilikuwa limefutwa.

Nisikuzungushe. Mwaka wa 1993, vijana wanne wa familia za reli walikuwa na bendi iliyoitwa Les Aiguilleurs, yaani wageuza njia za reli. Hawakupiga rumba. Walipiga roki, gitaa zikilia kama breki za gari moshi, na watu wa Kamina waliwacheka sana. Walirekodi albamu moja, wakaiita Voie Morte, yaani ile njia ya reli isiyokwenda popote, pale nyuma ya depo, mabehewa yanapoachwa yaoze. Kaseti mia mbili. Nyingi zilirudi kwa wenyewe. Nyimbo zote za albamu ile zilitungwa na baba yangu. Lakini kwenye karatasi ya kaseti paliandikwa jina moja tu: Maurice Kyabu, mkubwa wa bendi.

Baba hakuweza kulalamika. Kaseti ilipotoka, alikuwa kaburini.

Miaka thelathini ikapita. Kisha jamaa mmoja wa Brussels aliokota kaseti ile sokoni Lubumbashi, akaisikiliza, akapagawa. Yeye na wenzake wakasema hii ni lulu iliyosahauliwa, wakasema wataitoa upya kwenye diski, pamoja na kijitabu na nyimbo za nyongeza kama zipo. Maurice akawapelekea picha ya bendi. Aliikata pembeni. Baba yangu amebaki mkono tu, vidole vimeshika shingo ya gitaa, halafu karatasi inakwisha.

Nilikwenda kwake. Sikuomba makubwa. Nilisema, papa, jina tu, waandike jina lake. Maurice alikuwa anakula karanga. Alinitazama kwa huruma ya kijinga, akasema:

– Mama, bantu ya kufa habasomake kitabu.

Akaendelea kula karanga zake.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nakwambia wazi, nilimchukia yule mzee kwa chuki safi, isiyo na hata punje ya mchanga ndani yake.

Sasa, jioni ile ya makala, Papa Élisha aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniita karibu kwa kidole. Ngalula alikuwa ameanza kufukuza kuku wake.

– Masengo. Ile wimbo ya mwisho ya baba yako... iko.

– Wimbo gani, papa?

– Ile alikuwa anaimba siku balimubeba. Bande iko chini ya kitanda yangu. Miaka makumi tatu.

Utepe wenye sauti ya baba. Nilikaa chini, juu ya mfuko wa makala, sketi nyeupe na yote.

Mwaka ule, kama wewe ni wa huku unajua, watu waliotoka Kasai walifukuzwa. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na majina. Mama yake baba, Ngalula mkubwa, ambaye binti yangu amebeba jina lake, alitoka huko. Basi baba akajificha katika chumba walimorekodia, ndani ya depo. Watu wanne tu walijua yumo humo: Maurice, Mbayo wa ngoma, Kabange wa gitaa la pili, na Élisha mwenyewe wa mashine. Baba hakukaa bure. Aliomba mashine iwashwe, akaimba.

– Tulikuwa sisi wawili, alinong'ona Papa Élisha. Katikati ya wimbo, tukasikia ku mulango. Ngo, ngo, ngo. Halafu sauti: Constant! Constant Kalunga, mutoto ya Ngalula! Unajua sauti ilikuwa ya nani? Ya Maurice. Na nyuma yake Mbayo na Kabange, na kundi ya bantu. Balimuita na jina yote, na ya mama yake, juu kila muntu asikie anatoka wapi.

– Na baba?

– Hakuacha kuimba. Alitupa mabanga.

Libanga, yaani jiwe kwa Kilingala, unalijua. Ni lile jina ambalo mwimbaji wetu huwatupia watu katikati ya wimbo, fulani, mtoto wa fulani, na aliyetajwa anafurahi, anainuka, watu wanampigia makofi. Wanamuziki wana sheria yao: jina peke yake halitoshi. Lazima useme na mzazi. Pasipo mzazi, libanga halijafika.

– Aliimba: Mbayo, mutoto ya Kyungu. Kabange, mutoto ya Likoke. Halafu akasema: Maurice... na courant, umeme, ikakatika. Pale pale. Bande ikasimama. Balivunja mulango mu giza.

Baba alikutwa asubuhi kwenye njia ile mfu ya reli. Miguu mitupu. Mdomoni, jiwe moja la kokoto za reli.

Haya ya miguu na jiwe mama yangu aliyaficha kwangu hadi alipokufa. Baba alipokufa nilikuwa na miaka sita. Papa Élisha ndiye aliyeniambia, kati ya kuku na mtoto wangu anayecheka.

– Siku ya tatu ya matanga, akaendelea, Maurice alisema tusikilize ile bande, labda inafaa kutia ku kaseti. Tukakaa, sisi wane. Baba yako akaimba. Akasema: Mbayo, mutoto ya Kyungu. Mbayo akasimama. Hakusema kintu. Akafungua mulango, akatoka. Halafu Kabange, mutoto ya Likoke. Naye akasimama. Akatoka. Tulibakuta asubuhi.

– Wapi?

Alinyosha bisibisi kuelekea ile njia mfu, nyuma ya depo. 

– Maurice alisikia jina yake nusu. Alitoka jasho, akajikojolea, lakini alibaki ku kiti. Akaniambia choma ile bande. Nilichoma ingine.

Upepo wa jioni ulileta harufu ya chuma cha moto. Nilidhani ni gari moshi. Siku ile hapakuwa na gari moshi.

– Juu ya nini unaniambia leo, papa?

Papa Élisha alifuta macho na mkono wenye grisi.

– Juu Maurice atakuya ku ile fête, sherehe ya diski, na kitambaa ku shingo. Na minyi niko nakufa. Beba. Lakini sikiliza muzuri, Masengo. Kule mwisho, baada ya jina yake, usiachie mashine inaenda. Zima kwanza. Kisha utasema yako.

Nilibeba makala kichwani, na mashine ya bande juu ya baiskeli ya kuazima. Ngalula alibeba bande yenyewe, imefungwa kwenye plastiki, akiikumbatia kama mkate.

*

Kazi yangu ni kibanda karibu na stesheni. Nachaji simu, natia nyimbo kwenye kadi za watu. Pale umeme unakuja jioni, ukipenda. Niliunganisha mashine ya bande na kompyuta kwa waya. Waya tu, nataka ukumbuke hilo. Hapakuwa na maikrofoni. Hakuna njia ambayo sauti yangu ingeweza kuingia humo.

Nilimpeleka Ngalula nje, akae na jiko, atazame sufuria. Nikafunga mlango. Nikabonyeza.

Kwanza mvumo wa bande. Kisha gitaa.

Sikuwa nimemsikia baba tangu utoto wangu. Kwenye kaseti ameimba Maurice, juu ya sauti yake. Hapa alikuwa mwenyewe, karibu kabisa, nikasikia hata anavyovuta pumzi. Nililia. Nililia hadi kamasi. Alikuwa na sauti nzuri, jamani, sauti yenye mikwaruzo, na gitaa lake lilikuwa linapanda na kushuka kama mtu anayekimbia kwenye kokoto.

Ngo. Ngo. Ngo.

Niligeuka kutazama mlango wa kibanda. Ilikuwa ndani ya wimbo. Nilijua ni ndani ya wimbo. Niligeuka hata hivyo.

Kisha ile sauti ya ujana ya Maurice, ikiita jina la baba yangu na la bibi yangu, kwa furaha, kama anayeita mtu aje ale.

Baba hakuacha gitaa. Mbayo, mutoto ya Kyungu. Kabange, mutoto ya Likoke.

– Maurice...

Tak. Kimya.

Nilinyosha mkono nizime. Papa Élisha alisema bande inaishia hapo, umeme wa siku ile ulikata, hakuna kilichorekodiwa tena. Bande tupu. Lakini haikuwa tupu. Mule ndani ya mvumo kulikuwa na pumzi. Mtu anavuta pumzi... anashusha... anavuta...

Kisha sauti, chini kabisa, bila gitaa.

– Mutoto ya nani?

 Mkono wangu ulibaki hewani. Nilisikia harufu ile ya chuma cha moto, na sasa ilikuwa ndani ya kibanda, pamoja nami.

– Mutoto ya nani?

Alikuwa anauliza. Hakuwa na jina la mzazi. Miaka thelathini amekaa gizani na jina nusu, hajui amalizie vipi, na hakuna aliyemjibu.

Nilijua nikijibu itakuwa nini. Sitajifanya mjinga mbele yako. Niliona zile karanga, na ule mkono uliokatwa pembeni ya picha. Nikainamia mashine, nikasema polepole, neno kwa neno:

– Maurice, mutoto ya Kyabu.

Pumzi ikasimama.

Na umeme wa mtaa mzima ukakatika. Kompyuta yangu ina betri, ilibaki inawaka, lakini mashine ya bande ilinyamaza. Giza. Nikashukuru Mungu, nikajiambia, imejizima yenyewe, imekwisha. Nilipapasa meza, nikaangusha kikombe, nikapaza sauti:

– Ngalula! Ngalula, leta bougie!

Akaja mbio na mshumaa, akilinda moto kwa kiganja. Mwanga ulipofika kwenye meza niliona magurudumu ya bande yanazunguka. Polepole. Bila umeme. Nikajiambia ni ile kasi iliyobaki tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Yakasimama.

Asubuhi niliituma ile rekodi Brussels bila kuisikiliza tena. Kompyuta iliandika dakika saba na sekunde kumi. Walijibu kwa furaha kubwa. Nikawaambia wautie wimbo huu mwisho, na kando yake waandike: Constant Kalunga, gitaa na sauti. Wakakubali. Maurice sikumwambia kitu.

*

Diski zilifika baada ya miezi mitano, sanduku moja, kwa msafiri. Nilifungua kijitabu, nikatafuta ukurasa wa mwisho. Jina lilikuwapo. Herufi ndogo, lakini lilikuwapo. Nililibusu.

Kando yake paliandikwa muda wa wimbo. Dakika nane na nusu.

Niliona. Nakiri kwamba niliona. Nikadhani wazungu wamerefusha kwa mashine zao. Sikuusikiliza, kwa sababu nilitaka kuusikia mara moja tu, siku ya sherehe, nikiwa nimekaa mahali ninapoona uso wa Maurice. Ila niliutia kwenye kadi. Jumamosi nzima nilitia, kadi mia mbili na zaidi, bure, mtu yeyote aliyekuja na simu. Nilitaka jina la baba yangu liingie kila nyumba ya Kamina.

Sherehe ilikuwa Jumapili, baada ya misa, saa tisa mchana, katika ukumbi wa zamani wa watu wa reli. Jua kali nje. Viti vya plastiki, maua ya karatasi, fanta za moto. Maurice alikaa mbele, kitambaa shingoni kweli, kama Papa Élisha alivyosema. Nilimvalisha Ngalula gauni la komunyo la binamu yake. Tulikaa kando ya spika, Papa Élisha nyuma yetu, karibu na meza ya mashine.

Nyimbo zilipita. Watu walitikisa vichwa kwa adabu, wengine walisinzia. Roki bado haijawaingia, hata ikitoka Brussels.

Kisha wimbo wa mwisho.

Maurice alilitambua gitaa kabla ya mtu yeyote. Niliona mkono wake ukishika ukingo wa kiti. Alitazama mlango. Alitazama padri upande wa kuume na mkubwa wa mtaa upande wa kushoto, na hakuthubutu kuinuka, maana mtu mkubwa hatoki kwenye sherehe yake mwenyewe.

Ngo. Ngo. Ngo.

Watu wa nyuma waligeuka. Mimi sikugeuka. Nilikuwa namtazama yeye.

Ilipokuja sauti yake mwenyewe ya ujana, ukumbi ulinyamaza. Wazee waliijua. Mama mmoja alishika mdomo. Mbayo, mutoto ya Kyungu. Kabange, mutoto ya Likoke. Maurice alinigeukia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anasema tafadhali. Nilimtabasamia.

– Maurice, mutoto ya Kyabu.

Ilikuwa sauti ya baba. Si yangu, ya baba, na gitaa chini yake, kama aliyeimba siku ile ile.

Na vijana wasiojua kitu, waliposikia libanga, walishangilia!

– Eeeh! Papa Maurice! Simama, papa! Simama!

Makofi. Vigelegele. Na Maurice akasimama. Uso wake haukuwa na kitu tena ndani yake. Alitembea kati ya viti, watu wakimpigapiga mgongoni, akafika mlangoni. Akavua viatu, akavipanga vizuri, kimoja kando ya kingine. Akafungua. Akatoka kwenye jua.

Walimkuta nyuma ya depo jioni hiyo. Daktari alisema moyo. Kuhusu jiwe lililokuwa mdomoni daktari hakusema kitu.

Sijutii. Umeniuliza kwa macho, nami nakujibu: sijutii hata kidogo, na kama ingeishia pale, ningekuwa nacheka mpaka leo.

Lakini wimbo haukuwa umekwisha.

Watu walikuwa wanamfuata mlangoni, wengine wanaitana, viti vinaanguka. Sisi tulikuwa kando ya spika. Gitaa lilikata. Ikabaki pumzi... anavuta... anashusha...

– Ngalula...

Nikakumbuka. Kibanda, giza, kikombe kilichoanguka. Leta bougie.

– Ngalula... Mutoto ya nani?

Binti yangu aliinua kichwa. Mzee amemuuliza, kwa upole, kwa jina lake. Alikunja mikono kifuani, juu ya lile gauni jeupe, akafungua mdomo.

Nilimziba kwa viganja viwili. Nilimziba hadi meno yake yakanikata. Papa Élisha, na kikohozi chake chote, alijitupa juu ya meza akang'oa waya.

*

Nilimuuliza Papa Élisha usiku wa matanga ya Maurice kwa nini sauti ile ilimwita Ngalula. 

– Labda anaita mama yake. Ngalula mukubwa. Muntu mu taabu anaitaka mama yake.

– Papa, mtu hamuulizi mama yake ni mtoto wa nani.

Alikohoa, akafuta mdomo. Kisha akasema jambo lingine, ambalo silijui mpaka leo kama ni faraja.

– Alikufa mbele ya huyu mutoto kuzaliwa. Haamujui. Labda akiambiwa njo mutoto ya Masengo, atamuacha.

– Na labda?

– Na labda ile iko inauliza haiko Constant tena.

Wiki mbili baadaye Papa Élisha naye alikufa, kitandani, kwa kikohozi, viatu vyake miguuni. Bande tuliichoma pamoja kabla. Haikusaidia. Kadi mia mbili nilizigawa mimi, kwa mkono wangu, na waliopewa wamewapa wengine. Baada ya kifo cha Maurice kila mtu anautaka wimbo ule. Albamu iliyochekwa miaka thelathini sasa inalia kwenye pikipiki, saluni, baa za stesheni. Nimemfanya baba maarufu kweli.

Sasa mimi ndiye mwendawazimu wa Kamina. Nikisikia gitaa lile naacha kibanda wazi, naingia popote, nang'oa waya, nanyang'anya simu. Nimepigwa mara mbili. Nimemfundisha Ngalula upya: mzee akikuuliza wewe mtoto wa nani, usijibu. Anashangaa. Majirani wanasema nimemharibu, hana adabu tena. Nimejaribu kumwita jina lingine, Tamar, haitiki. Tabia ya miaka minane haifutiki kwa kofi.

Nilikuwa nimepanga Jumatatu tupande gari moshi, twende Lubumbashi.

Jana jioni nilikuwa napika, mlango wa jiko wazi, naye ameketi uani anachekecha unga. Sahani zilikuwa zinagongana, mafuta yanalia kwenye kikaango. Sikusikia muziki wowote. Naapa, sikusikia. Labda simu ya mpita njia, labda redio nyuma ya ukuta.

Nilichosikia ni sauti ya mwanangu, nyembamba, safi, yenye adabu zote nilizomfundisha.

– Minyi mutoto ya Mama Masengo, papa.

Kikaango kilianguka. Nilipofika uani alikuwa amesimama, unga mikononi, anatazama lango letu la bati. Harufu ya chuma cha moto ilikuwa imejaa uani kote.

– Ngalula, unaongea na nani?

Aligeuka. Hakuwa na hofu hata kidogo.

– Mama, iko papa moya ku mulango. Haiko na biatu. Anasema weye njo ufungue.